Sentensi Tano za Mpiga Pasi

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Linataka wawili, mmoja huku na mmoja kule, washike pembe, walitikise mara moja, warudi nyuma hadi likaze, kisha waendeane mpaka vidole viguse vidole. Katika chumba cha kufulia cha ile hoteli kubwa, mpiga pasi na wifi yake walifanya hivyo kutwa nzima, na walikuwa wamezoeana kiasi cha kutohitaji hata kutazamana. Waliweza kuzozana, kupatana na kupangana nani atamwogesha mama jioni, na shuka lisiende upande hata kidogo.

"Unakwenda tena kwenye Kiingereza chako leo?" wifi aliuliza siku hiyo, akikaza pembe zake.

"Nakwenda. Na wewe ungekuja."

"Nije kufanya nini? Shuka halisikii lugha yoyote. Ukilivuta linakuja."

Mpiga pasi alicheka. Wifi yake alikuwa mtu wa namna hiyo, mdomo haukupoa, na miaka kumi na moja ya mvuke na dawa za madoa haikumpunguzia neno. Ndiye aliyemwingiza kazini. Alimshika mkono akampeleka kwa msimamizi, akasema huyu ni mke wa kaka yangu, akiharibu nilaumuni mimi. Hakuharibu. Huu ulikuwa mwaka wa nne, na mashati ya wageni wazito yalipelekwa kwenye pasi yake bila kuulizwa.

Mle ndani kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Hoteli ilitaka kila shuka lililochakaa likatwekatwe na kuchomwa kwenye tanuri la boila, kwa sababu kila moja lilikuwa na nembo ya hoteli kwenye pembe, na wakubwa hawakupenda kuiona nembo yao imeanikwa kwenye kamba za uani mwa watu. Msimamizi, bibi mmoja mnene aliyebakiza wiki tano astaafu, aliitekeleza amri hiyo kwa akili yake. Alikata pembe yenye nembo, akaitupa motoni, akaandika kitabuni "limechomwa", na shuka lililobaki likaenda kwa mwenye zamu. Zamu aliziweka kichwani. Mwenye mtoto mchanga alitangulizwa, mwenye mgonjwa alitangulizwa, na hakuna aliyewahi kuuza hata kipande. Getini walinzi walifungua mikoba tu, kwa hiyo shuka lilizungushiwa kiunoni, chini ya gauni, na mwenye zamu akatoka amenenepa kidogo kuliko alivyoingia.

Zamu nyingi zilikuwa za hawa wawili, na kila mtu alijua kwa nini. Nyumbani kwao alikuwamo mama, mama mzazi wa wifi na mama mkwe wa mpiga pasi, mwaka wa pili kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa na haja zote zinamponyoka. Alibadilishiwa shuka mara tatu, mara nne kwa siku. Shuka la hoteli, hata likichakaa, ukilichana katikati unapata mawili ya kitanda chake, laini, yasiyomchubua. Yale ya bei yao dukani yalimtoa vidonda mgongoni. Walishajaribu.

Mwaka huo hoteli ilikuwa imeamua kwamba kila mfanyakazi ajue Kiingereza, hata yule ambaye hajawahi kuonana na mgeni isipokuwa kupitia madoa yake. Darasa liliwekwa saa kumi jioni kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, ubao umeegemezwa kwenye jokofu lililokufa. Mwalimu alikuwa kijana wa mkataba wa miezi mitatu, mwenye tai mbili na shati moja. Mpiga pasi aligundua siku ya kwanza tu kwamba ukosi wa lile shati umefumuliwa na kugeuzwa ili upande uliolika usionekane, na tangu siku hiyo akamheshimu.

Alikuwa na sababu nyingine ya kuhudhuria. Afisa utumishi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Faili kwa kuwa hakuonekana hata msalani bila faili kwapani, alikuwa ametangaza kwamba nafasi ya msimamizi atapewa mwenye Kiingereza. Mshahara wa msimamizi ulikuwa karibu mara mbili ya wa mpiga pasi. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na baiskeli za watu siku hizi ziliharibika mara chache kuliko alivyohitaji.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili, tend to, akayapigia mstari.

"Haya ni maneno ya kusema mambo yanavyokuwa kwa kawaida," alieleza. "Si kila siku, si kila mtu, ila mara nyingi. Watoto huwa wanapenda peremende. Ndege huwa wanarudi jioni. Ukiyatumia humsingizii mtu na wala humtaji mtu. Unasema tu dunia ilivyo."

"Kumbe ni maneno ya wasengenyaji," alisema mpishi mmoja, na watu wakacheka.

"Ni maneno ya waungwana," mwalimu alijibu, naye akacheka. "Sasa niandikieni sentensi tano. Na msiniletee ndege, ndege nimeshawaleta mimi. Andikeni mnachokijua. Kazi yenu, na iwe kweli."

Mpiga pasi aliinamia daftari. Maishani mwake hakuna mtu mwenye tai aliyewahi kumtaka aseme anachokijua. Walimtaka anyooshe, akunje, apishe njia. Sasa alitakiwa aeleze, na kumbe alikuwa na ya kueleza, kalamu ikawa haimkimbii. Aliandika kwa Kiingereza kwamba wageni huwa wanamwaga vinywaji kitandani. Akaandika kwamba mashine kubwa huwa inakwama Jumatatu. Akaandika kwamba wasimamizi huwa wanakaa ofisini joto likizidi, akatabasamu peke yake. Akafikiri kidogo, akaandika ya nne: shuka likichakaa, wafanyakazi huwa wanakwenda nalo nyumbani. Na kwa kuwa ya nne ilimtoka vizuri, ya tano ikaifuata yenyewe: huwa wanalizungushia kiunoni, chini ya gauni.

Mwalimu alizisahihisha papo hapo kwa kalamu nyekundu. Vyema vitano, na chini yake akachora nyota. Aliwasomea wote kwa sauti, na waliofahamu waliwafafanulia wasiofahamu, chumba kizima kikaangua kicheko cha raha, cha watu waliojiona wamepigwa picha nzuri. Hata mfuaji mmoja mwenye mimba kubwa alijipapasa kiuno akasema, "Langu hili si shuka jamani, msije mkalivuta." Hakuna aliyeona hatari. Hapakuwa na jina la mtu.

*

Nyumbani alilitoa daftari kabla hata hajavua viatu. Fundi baiskeli alilitazama kwa mbali, mikono nyuma, kwa sababu ya grisi.

"Nyota," alisema. "Mke wangu amepata nyota. Mimi nilisoma miaka saba sikupata hata nukta."

Wifi alikuwa anamgeuza mama. Mpiga pasi aliingia akamshikia mabega, wakalivuta lililolowa, wakalaza kavu, na mama akaguna kwa raha kama kawaida yake shuka jipya linapomfikia mgongoni. Kisha wifi alinawa, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Haya, nisomee hiyo nyota yako."

Akamsomea, moja kwa Kiingereza, moja kwa lugha yao. Kwenye mashine kubwa wifi alicheka. Kwenye wasimamizi alipiga makofi. Kwenye ya nne aliacha kucheka.

"Rudia."

Akarudia. Akasoma na ya tano.

"Umeandika hivyo? Kwa mkono wako?"

"Ni mfano tu, wifi. Haya maneno hayamtaji mtu. Mwalimu mwenyewe amesema, yanasema mambo kwa ujumla."

"Kiuno kwa ujumla?"

"Wifi, bwana."

"Mimi sikusoma, lakini nawajua watu wa faili. Chana hiyo karatasi."

Mpiga pasi alilifunga daftari akalibana kifuani. "Nikichana nitamwonyesha nini mwalimu? Ijumaa anayakusanya madaftari."

"Anayapeleka wapi?"

"Hakusema."

"Basi chana," wifi alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Andika nyingine. Andika ndege."

Aliahidi kuichana. Usiku alilifungua daftari, akaushika ule ukurasa kwenye kona. Nyota ilikuwa imechorwa kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu. Akajiambia ataichana asubuhi, na asubuhi akajiambia kwamba wifi yake ni mwoga wa karatasi kama watu wote wasiosoma. Alilaumu woga wa mwenzake ili asiyaone majivuno yake mwenyewe. Siku ya Ijumaa alilikabidhi daftari likiwa zima, kurasa zake zote.

Mwalimu aliyafunga madaftari kwa kamba akayapeleka utumishi, kwa sababu bila ushahidi wa masomo asingesainiwa malipo yake. Hakuna uovu hapo. Kijana alitaka kula.

*

Jumanne iliyofuata lilipatikana shuka moja. Msimamizi alilikagua dirishani, akakata pembe, akaitupa motoni, akaandika. Kisha akanong'ona, "Lenu hili. Mgonjwa hajambo?"

"Anaendelea," alisema mpiga pasi. Zamu ya kubeba ilikuwa yake. Lakini saa kumi kulikuwa na darasa, na kukaa saa nzima kwenye joto la chumba kile ukiwa umejifunga shuka kunatoa jasho la kumfanya mwalimu aulize kama unaumwa.

"Wifi, nisaidie leo. Nina darasa. Libebe wewe."

"Lete," alisema wifi, akaingia nyuma ya makabati, akatoka amenenepa.

Getini kulikuwa na walinzi wawili wanawake ambao hawakuwapo jana. Hawakuutazama mkoba. Waliweka mikono kiunoni moja kwa moja, mbele ya wapishi, mbele ya madereva waliokuwa wanasubiri wageni, wakaukuta mshono wa shuka, wakavuta. Shuka lilitoka kidogokidogo kwa chini, na wifi akazungushwa mahali pale aliposimama mpaka lilipokwisha. Dereva mmoja alicheka. Mpiga pasi hakuyaona hayo. Alikuwa darasani, ameinua mkono kujibu swali.

Aliambiwa na mfuaji mwenye mimba, aliyekuja hadi mlangoni mwa darasa akihema.

*

Asubuhi yake ofisi ya Bwana Faili ilikuwa na viti vitatu na watu watano. Waliokaa walikuwa Bwana Faili, meneja wa usafi na karani wa kuandika. Wifi alisimama katikati, gauni lile lile la jana. Mpiga pasi aliitwa wa mwisho, akasimamishwa ukutani. Juu ya meza shuka lilikuwa limerundikwa ovyo, na mpiga pasi, Mungu amsamehe, alishikwa kwanza na hamu ya kulikunja.

Kando ya shuka palikuwa na daftari lake.

"Hili ni lako?" Bwana Faili aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Ndiyo, bwana."

"Una mwandiko mzuri. Tusomee namba nne na namba tano."

Alisoma. Kiingereza kilitoka vizuri, kila neno mahali pake, na alijichukia kwa kuwa kilitoka vizuri. Wifi alikuwa anatazama mbele. Hakufahamu maneno, lakini zilikuwa sentensi mbili, na zile mbili alishasomewa.

"Sasa tueleze," alisema Bwana Faili. "Wafanyakazi hawa ni akina nani?"

"Si mtu, bwana. Ni mfano. Mwalimu alitufundisha maneno ya kusema mambo kwa kawaida."

Mwalimu aliitwa. Alikuja na tai yake ya bluu akabaki mlangoni, mkataba wake ukiwa kwenye faili la pili kutoka juu, naye akaliona.

"Mwalimu, hii ni sentensi sahihi?"

"Ni sahihi, bwana."

"Inamaanisha nini?"

"Inamaanisha..." Alitazama ukutani kwa mpiga pasi, kisha akatazama viatu vyake. "Inaonyesha jambo linalotokea mara nyingi. Haimlengi mtu maalumu. Ni zoezi tu, bwana. Wanafunzi huwa wanatunga."

"Uliwaambia watunge?"

"Niliwaambia waandike kweli."

"Ahsante. Unaweza kwenda."

Akaenda. Bwana Faili aliunganisha vidole vyake. "Basi ni kweli, na ni mara nyingi. Hapo sasa mimi nina njia mbili. Kama ni wafanyakazi wote, wapo ishirini na wawili, na barua ishirini na mbili karani wangu anazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kama si wote, nitajiwe ni nani. Wewe uliyeandika, nisaidie. Ni wote, au ni nani?"

Mpiga pasi alifungua mdomo. Alichotaka kusema kilikuwa kifupi sana. Ni mimi pia. Jana zamu ilikuwa yangu. Lilikuwa jambo la pumzi moja, na pumzi alikuwa nayo. Akamfikiria mfuaji mwenye mimba. Akamfikiria msimamizi na wiki zake nne. Akafikiria, na hili ndilo alilokuja kulikumbuka kuliko yote, kwamba vyema vile vitano bado vilikuwa vinaonekana pale mezani, na kwamba Bwana Faili alikuwa amesema mwandiko wake ni mzuri.

"Ni mimi," alisema wifi.

Wote walimgeukia.

"Ni mimi peke yangu. Hao wengine wamelisikia kwangu, mimi nina mdomo, muulizeni yeyote. Pembe nakata mwenyewe, msimamizi akigeuka. Huyu wifi yangu ameandika alichoniona nikifanya. Nyumbani tunalala mlango kwa mlango, ataachaje kuniona?"

"Miaka yote?" aliuliza meneja wa usafi.

"Miaka yote."

"Mashuka mangapi?"

"Sikuhesabu. Kitabu chenu kinasema yamechomwa, hesabuni humo."

Bwana Faili aligeukia ukuta. "Ni kweli, mama?"

Karani aliinua kalamu akasubiri. Wifi kwa mara ya kwanza alimtazama mpiga pasi usoni, na halikuwa jicho la kuomba wala la lawama. Lilikuwa lile jicho la kazini, pembe zikiwa mkononi: haya, vuta.

"Ndiyo," alisema mpiga pasi.

*

Fundi baiskeli hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alikaa mlangoni na gurudumu la mtu mapajani, akilizungusha, akilisikiliza, mpaka dada yake alipomaliza kueleza.

"Na wewe ulikuwepo?" alimwuliza mkewe.

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Kaka, mwache," alisema wifi. "Alisema nilichomtaka aseme. Tungefukuzwa wawili, mama angelala kwenye nini? Kwenye magurudumu yako?"

Fundi alilaza gurudumu chini akatoka kwenda uani. Mpiga pasi alimfuata wifi chumbani kwa mama, akasimama nyuma yake.

"Wifi. Nisamehe. Ungenisikia nilichotaka kusema pale."

"Sikukisikia."

"Nilikuwa nasema."

"Ulikuwa na nafasi, wifi. Mtu aliuliza, akanyamaza, karani akasubiri mpaka wino ukamkaukia, ukawa bado unasema." Alikuwa anapekua kikapu cha mashuka ya mama, akiyahesabu. Yalikuwa manane, mawili kati yake yametoboka. "Na ile karatasi niliyokwambia uichane?"

Mpiga pasi aliinamia mto wa mama, akaunyoosha.

"Nilidhani umeichana," alisema wifi. "Ndiyo maana jana sikuogopa kupita."

Akakifunika kile kikapu. Tangu jioni ile alizungumza na mpiga pasi kwa adabu kamili, karibu, ahsante, pole na kazi, na hiyo adabu ilikuwa ngumu kubeba kuliko matusi. Watu wa nyumba moja wakianza kuambiana ahsante kwa chumvi, ujue kuna kitu kimekufa na bado hakijazikwa.

*

Mwisho wa mwezi msimamizi alistaafu. Alipewa saa ya ukutani na soda. Siku hiyo hiyo Bwana Faili alimwita mpiga pasi akampa barua, kwa Kiingereza, akamwacha aisome mwenyewe mpaka mwisho ili ahakikishe.

"Hoteli inahitaji watu wanaoona na kusema," alimwambia. "Wenye Kiingereza wapo, ila waongo. Wewe umekuwa mkweli hata kwa ndugu yako."

Alitaka kuirudisha. Aliishika ile barua kwenye kona, kama alivyoushika ule ukurasa. Lakini nyumbani sasa ulibaki mshahara mmoja, mama alikuwa ameanza kutoka kidonda kwenye nyonga, na dawa ya kidonda ilikuwa na bei. Alisema ahsante bwana, akatoka. Kila alichokiwaza kilikuwa kweli, na bado alijua kwamba angeipokea hata kama mama angekuwa mzima.

Wafuaji walimpongeza mmoja mmoja, bila kumwangalia. Mazungumzo yalikoma alipoingia na kuendelea alipotoka. Joto likizidi alibaki nao makusudi, akakunja nao, akashika pembe, na aliyekuwa upande wa pili akakunja kwa heshima, taratibu, shuka likaenda upande kila mara. Baada ya wiki moja aliona anawachelewesha. Akaenda kukaa ofisini.

Yaliyochakaa aliletewa kila Jumanne. Kulikuwa na utaratibu mpya, ulioandikwa. Alitakiwa ayakate yeye mwenyewe kwa mkasi, vipande vinane, ayaone yakiingia tanurini na asaini. Jumanne ya kwanza alikata mawili. Yule mfuaji, ambaye sasa alikuwa amejifungua na kurudi kabla ya arobaini asipoteze kibarua, alisimama akimtazama mkasi mkononi, kisha akauliza kwa unyonge, "Na mwenye mtoto mchanga, msimamizi?" Alimjibu kwamba siku hizi haiwezekani. Mfuaji akasema sawa, msimamizi.

Jumanne ya tatu lilikuja moja tu. Lilikuwa limelika katikati, kingo zake nzima, laini mno. Asubuhi ile alikuwa amemsikia mama akilia alipogeuzwa. Alifunga mlango wa ofisi. Akakata pembe yenye nembo, na hiyo akaikata vipande vinane. Akavipeleka tanurini mbele ya watu, akasaini. Lililobaki alilizungushia kiunoni, chini ya sketi mpya ya cheo chake.

Saa kumi alikwenda getini. Wafuaji walikuwa wamepangwa mstari, mikono juu, wanapapaswa. Alijiunga nyuma ya mstari, akiwa ameshaamua kwamba wakimkuta atasema lote, la leo na la siku ile, na karibu alitamani wamkute. Mlinzi alimwona. Akauacha mstari akaja mpaka kwake, na mpiga pasi akainua mikono.

"Aa, msimamizi," mlinzi alisema, akiona haya kwa niaba yake. "Nyinyi pitieni huku."

Akamfungulia mlango mdogo.

*

Wifi alikuwa uani, anaanika. Yale mashuka manane yalikuwa yamebaki matano, na alikuwa anayafua kwa mkono tangu asubuhi, vidole vimekunjamana. Mpiga pasi aliingia ndani, akalifungua lile shuka, akarudi nalo mikononi. Akamwekea juu ya beseni lililofunikwa.

Wifi alilipapasa kwa kiganja kama walivyofanya miaka yote, akitafuta mahali palipolika zaidi. Akapagusa palipokatwa pembe.

"Umelitoaje?"

"Kiunoni."

"Hawakukushika?"

Hapo ndipo angeweza kusema uongo, na pengine ungekuwa uungwana. Lakini alikuwa amechoka. "Wasimamizi hawapekuliwi," alisema. "Wana mlango wao."

Wifi alitikisa kichwa polepole, mtu aliyefafanuliwa jambo. Ndani mama aliita, akauliza kama shuka limekuja, maana alikuwa ameisikia sauti ya mkwe wake na kwake yeye sauti hiyo bado ilikuwa habari njema.

"Limekuja, mama," wifi alijibu kwa sauti. Kisha akageuka. "Miaka kumi na moja mkoba wangu umefunguliwa kila jioni. Siku moja nimefunguliwa na mwili. Kumbe mlango ulikuwepo." Alilichukua lile shuka kwenye beseni. "Hiyo nayo kaiandike kwenye daftari lako, wifi. Utapata nyota."

Akalitikisa mara moja. Mpiga pasi, kwa mazoea, alisogea mbele akanyoosha mikono yote miwili apokee pembe zake. Wifi hakumpa. Aliuzungusha ukingo mmoja akaubana chini ya kidevu, akatandaza mikono yake kadiri ilivyofika, na akaanza kulikunja peke yake. Liligusa chini, likaenda upande, akaliinua akaanza upya.